Binti yangu anasoma kesi za wachawi shuleni, na bibi yangu aliuawa kwa neno hilo hilo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Houston, Texas, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu watatu. Binti yetu mkubwa ana miaka 16, yuko darasa la kumi na moja. Muhula huu kwenye somo la Kiingereza wanasoma tamthilia ya Arthur Miller iitwayo The Crucible. Kwa wasioijua, inahusu kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Wenyeji ni Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali waliotoka Uingereza. Wasichana wanaanza kuweweseka na kupiga mayowe, wanataja majirani zao kuwa wachawi, mahakama inawaamini, watu wananyongwa.

Mwalimu wao ana utaratibu wa kugawa wahusika, kila mwanafunzi anasoma maneno ya mhusika wake kwa sauti. Binti yangu kapewa Tituba. Tituba ni mtumwa wa mchungaji, mwanamke mweusi kutoka Barbados, anaongea Kiingereza cha kuungaunga, na ndiye wa kwanza kubanwa akiri. Darasa zima Mwafrika ni binti yangu peke yake. Siku hiyo alirudi, akatupa begi, akajifungia chumbani hadi chakula cha usiku. Nilipomdadisi akasema, "Mama, wote waligeuka kunitazama hata kabla sijafungua mdomo."

Baba yake akataka kukiona hicho kitabu. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Tunasali kwa Kiswahili, tuko Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi. Kurasa za mwanzo tu akakuta wasichana wamecheza msituni usiku, mmoja amekunywa damu ili mke wa mtu afe, na huyo mwenye mke ndiye aliyezini naye. Akakifunga. Amesema ataiandikia shule barua binti apewe kitabu kingine, hakuvuka bahari ili mtoto wake afundishwe uchawi darasani. Mchungaji wetu yuko upande wake. Jumapili iliyopita aliliombea jambo hilo mbele ya watu bila kututaja, na kila mtu alijua ni sisi.

Binti naye hataki kutolewa. Anasema atakaa maktaba peke yake huku wenzake wakisoma, na hapo ndipo watakapomwona wa ajabu zaidi.

Hayo pengine ningeyamudu. Kinachoninyima usingizi ni insha. Mwalimu amewataka waeleze nani hasa wa kulaumiwa kwa yaliyotokea Salem, na amewaruhusu kuhusisha na jambo wanalolijua kutoka kwenye familia au nchi zao. Binti akaniuliza, "Mama, si kwenu Usukumani ndiko wanakoua vikongwe? Nimesoma mtandaoni. Wewe uliwahi kumjua hata mmoja?" Nikamwambia simjui.

Shangazi, bibi yangu mzaa mama aliuawa kwa panga nyumbani kwake, kijijini, mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa darasa la pili. Alikuwa mjane, mwenye majaruba mazuri ya mpunga aliyoachiwa na babu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni maisha yake yote. Mtoto wa shemeji yake alikufa kwa homa. Shemeji akaenda kupigiwa ramli, akaambiwa mbaya wake ni mwanamke mzee anayekaa upande wa mawio. Wiki hiyo hiyo wakaja usiku. Mama alituchukua alfajiri tukapanda lori la pamba hadi Mwanza, hatukurudi tena. Majaruba yakachukuliwa na huyo shemeji. Mpaka leo yu hai, yumo kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, hutuma salamu za Ijumaa na picha za maua.

Mume wangu hajui. Nilipoolewa nilimwambia bibi alifariki kwa maradhi. Kwao ni Mbeya, na niliogopa ukweni waseme wameoa kwenye ukoo wa mchawi. Watoto hawajui. Mama yangu mwenyewe halizungumzi.

Nimruhusu mume wangu amtoe binti darasani yaishe? Nimwambie binti ukweli? Na akiuandika, si ndiyo nimewapa watoto wa kizungu sababu nyingine ya kugeuka kumtazama?

Mama wa Watatu, Houston

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa bibi. Nimeisoma barua yako mara ya pili polepole, na naona kila kilichomo kinamrudia yeye, hata pale unapozungumzia kitabu cha shule.

Nikupe msimamo wangu kwanza ili usisome kwa wasiwasi. Binti asitolewe darasani. Tituba asiendelee kumsoma kama hataki. Mumeo aujue ukweli wa bibi kabla ya binti. Na kabla ya wote hao, aulizwe mama yako.

Tuanze na mumeo. Usimwambie kwamba haelewi alichokisoma, kwa sababu amesoma sawasawa. Msitu umo, damu imo, uzinzi umo. Ila ameishia mlangoni. Tamthilia ile ina sehemu nne, na baada ya ile ya kwanza humwoni mtu yeyote akiroga. Unaona watu wakishuhudia uongo, mahakimu wakiupokea, na mashamba ya wafungwa yakimezewa mate. Kuna mhusika anaitwa Thomas Putnam, tajiri wa ardhi, na mzee mmoja, Giles Corey, anasimama mahakamani kusema kwamba Putnam amemtuma binti yake awataje majirani ili anunue mashamba yao. Ukifika hapo, mwanangu, utajua kwa nini nakwambia binti yako asikose kusoma.

Mwonyeshe mumeo sehemu ya pili. Mchungaji Hale anaingia usiku nyumbani kwa mkulima John Proctor, yule mume aliyezini, kupima imani yake, anamtaka ataje Amri Kumi. Proctor anahesabu kwa vidole, anafika tisa, anakwama. Mke wake Elizabeth, aliyeumizwa na jambo hilo kuliko mtu yeyote, ndiye anayemkumbusha iliyobaki: usizini. Anaitamka taratibu, mbele ya mgeni, na mume anaipokea kama kisu. Mzee wa kanisa akisoma ukurasa huo hataona mafundisho ya uzinzi. Ataona dhambi ya mtu ikimsubiri nyumbani kwake mwenyewe. Na amri ambayo mji mzima unaivunja kila siku mahakamani ni ile ya Kutoka 20, "Usimshuhudie jirani yako uongo."

Mwambie pia kwamba ule mchezo wa msituni ni wa mwandishi. Kumbukumbu za kesi zenyewe hazina wasichana wanaocheza uchi msituni. Abigail Williams, yule msichana anayekunywa damu, wa kweli alikuwa na miaka kama 11, Miller akampandisha hadi 17. Proctor wa kweli alikuwa mzee wa miaka kama 60, mwenye kilabu cha pombe, Miller akamshusha hadi miaka ya thelathini, kisha akabuni uhusiano kati yao. Miller mwenyewe ameeleza mwanzoni mwa kitabu kwamba amebadilisha mambo. Kwa hiyo kinachomkera mumeo ni ubunifu wa jukwaani. Vitanzi ndivyo vya kweli. Watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Giles Corey, mzee wa miaka themanini hivi, alikataa kujibu shtaka, akalazwa na kurundikiwa mawe mpaka akafa. Wengine walifia gerezani. Mtoto mmoja wa miaka kama minne au mitano, Dorothy Good, alifungwa kwa tuhuma hizo hizo, na mama yake, Sarah, akanyongwa.

Hapo kwenye mtoto mumeo atasimama, maana mnasali na Wakongo. Waulizeni kwa upole, watawaambia habari za watoto wa Kinshasa wanaofukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi, wakalala barabarani, na baadhi yao waliotajwa kanisani, na mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu. Jambo hili liko karibu sana na madhabahu zetu. Ndiyo maana maombi ya Jumapili ile yamenigusa vibaya. Mchungaji alikuwa na nia njema, lakini kulitaja jambo la familia mbele ya watu ambao wote wanajua ni nani, ndivyo minong'ono inavyopata miguu. Mumeo amwombe asirudie.

Na kama mumeo anataka mfano wa watu wa Mungu, Salem inao pia. Aliyesaidia kuzima moto ule alikuwa mchungaji, Increase Mather wa Boston. Mahakama ilikuwa inakubali ushahidi wa kivuli: msichana akisema ameona kivuli cha jirani kikimkaba kitandani, inatosha, hata jirani huyo awe alilala kwake usiku kucha. Mwezi Oktoba 1692 Mather aliandika kwamba ni heri washukiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia kuhukumiwa. Mwezi huo huo gavana William Phips akaivunja mahakama ile. Mwaka 1697 mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya waumini wenzake wakati toba yake ikisomwa, akikubali lawama. Na mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa mtoto wa miaka kama 12 alipotaja watu wengi, naye aliomba msamaha kanisani. Mtu aliyezoea toba ya mbele ya kanisa anazijua hizo siku zina uzito gani.

Kuhusu barua. Sheria ya Texas inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto kwa muda kwenye kipindi kinachopingana na imani yake, kwa maandishi, ila si kwa kukwepa mtihani. Kwa hiyo mumeo anaweza, na hakuna atakayemzuia. Mwombe kitu kimoja kabla hajaitumia haki hiyo: asome kitabu chote pamoja na binti, mezani, kwa sauti, sehemu moja kila jioni. Si kirefu. Msianze na filamu ya mwaka 1996, hata kama Miller mwenyewe ndiye aliyeiandikia muswada, kwa sababu inafungua na msitu ule ule na mtarudi mlikotoka. Akimaliza kusoma bado anaona kinamharibu mwanawe, aandike.

Sasa Tituba. Hili limenikasirisha, na nina imani mwalimu hakukusudia ubaya. Wewe au baba yake mwandikieni barua fupi. Semeni binti anaipenda kazi ya darasa, lakini kumpa mwanafunzi pekee mweusi nafasi ya mtumwa kumemweka mahali pagumu, mnaomba wahusika wazungushwe, kila mmoja asome kila siku mtu mwingine. Msiombe radhi kwa kuomba hivyo. Binti yako anaweza kusoma Danforth, jaji mkubwa wa tamthilia. Anaweza kusoma Elizabeth. Anaweza hata kumrudia Tituba kwa kupenda, siku akishamjua.

Maana Tituba wa kweli ni mtu mwingine kabisa na huyo wa kwenye karatasi. Kumbukumbu za mahakama zinamwita Mhindi, kwa maana ya wenyeji wa Amerika na visiwa vyake, na ndivyo zinavyomwita mumewe John. Kumfanya Mwafrika kulikuja baadaye, katika masimulizi ya watu. Alihojiwa kuanzia tarehe 1 Machi 1692, siku moja na Sarah Good na Sarah Osborne, na maneno yake yaliandikwa: mwanzo alikana, halafu akakiri, akasimulia mtu mrefu wa Boston, mbwa mweusi, ndege wa njano, na kitabu chenye alama tisa. Kila mtu pale alitaka hadithi, akawapa hadithi. Hakunyongwa. Waliokiri waliachwa hai. Walioshikilia kuwa hawana hatia ndio waliopelekwa kwenye kitanzi. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka kwa sababu bwana wake hakulipa gharama za kifungo, mpaka mtu mwingine alipolipa akamchukua. Binti akiyapeleka hayo darasani, wenzake watageuka kumtazama kwa sababu anajua wasichokijua, na huo ni mtazamo ambao msichana wa miaka 16 anaustahimili vizuri.

Amuulize pia mwalimu, kama hajawaeleza, kwa nini Miller aliandika. Miaka ile Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu ya ukomunisti. Seneta Joseph McCarthy alikuwa akitaja watu, na kamati ya Bunge ilikuwa ikiwaita waigizaji, waandishi na waongozaji, ikiwataka wakiri na wataje wenzao. Rafiki wa Miller, mwongozaji Elia Kazan, alitaja majina mwaka 1952. Mwaka huo Miller alikwenda Salem kusoma kumbukumbu za kesi, na Januari 1953 tamthilia ikapanda jukwaani New York. Mwaka 1956 kamati ikamwita yeye, akakubali kujizungumzia mwenyewe, akakataa kutaja wengine, akatiwa hatiani 1957 kwa kulidharau Bunge, na mwaka uliofuata rufani ikamfutia. Ndiyo maana mwisho wa tamthilia Proctor anakubali kusema uongo juu yake mwenyewe ili aishi, lakini wanapomtaka awataje wengine anagoma, na karatasi aliyokwisha kuitia saini anaichana. Anasema ni kwa sababu ya jina lake. Mke wake anaweza kumbembeleza asife, na habembelezi.

Nimefika kwa bibi.

Yupo mwanamke kwenye kesi zile ambaye nataka wewe umsome, uache binti kidogo. Rebecca Nurse, miaka 71, mama wa watoto wengi, anayeheshimika kanisani, masikio yake mazito. Familia yake ilikuwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba na watu walioko nyuma ya mashtaka. Majirani kadhaa walitia saini hati ya kumtetea, na hilo lilikuwa jambo la hatari. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Wasichana wakapiga mayowe, jaji mkuu akawarudisha wafikirie tena neno moja alilowahi kulisema juu ya mfungwa mwenzake. Wakamuuliza alimaanisha nini. Hakujibu. Baadaye alieleza kwamba hakusikia swali. Alinyongwa tarehe 19 Julai 1692. Kanisa lilikuwa limemtenga, likamrudisha mwaka 1712, na ndugu zake tayari mwaka 1711 walikuwa miongoni mwa waliolipwa fidia na serikali ya koloni.

Mjane mwenye majaruba, mtoto aliyekufa kwa homa, mtu aliyelipwa kutaja mbaya ni nani, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni. Unaona mwenyewe. Tofauti ipo, na binti aiandike: Salem waliua mchana, kwa hati na muhuri, na jaji mkuu wao, William Stoughton, alikuwa msomi wa Harvard. Usukumani wauaji huja usiku na aliyewatuma hubaki kijijini akiamkiwa. Naiweka tofauti hiyo mbele kwa sababu unaogopa wenzake watasema huo ni ushenzi wa Afrika. Wakisema hivyo, jibu liko mikononi mwao, kwenye kitabu wanachokisoma. Mji wao wenyewe, Biblia mkononi, Kutoka 22:18 mdomoni, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi," ulimfunga mtoto wa miaka minne au mitano. Mpiga ramli chonganishi wa Shinyanga na msichana wa Salem aliyeona kivuli wanafanya kazi moja: kumpa mwenye msiba au mwenye tamaa jina la kulichukia.

Lakini habari ya bibi si mali ya darasa. Haitakiwi kumpatia mtu alama. Kwanza ni ya mama yako, ambaye alimwona mama yake amelala pale na akapata nguvu ya kukupandisha kwenye lori. Kisha ni yako. Binti yako ana haki ya kuijua kama mjukuu, na hilo ni jambo la nyumbani, halina uhusiano na tarehe ya kukusanya insha. Kama mama yako ataridhia iandikwe, iandikwe bila jina la bibi, bila kijiji, bila ukoo, bila huyo mzee. Wewe uko Houston. Mama yako yuko Mwanza na ndugu wengine wako huko huko, na insha za siku hizi hupigwa picha zikasambaa. Usalama wao uje mbele ya uhodari wa binti.

Kumwambia mumeo kunakuogopesha kuliko kote, nimeona. Umelibeba miaka yote ya ndoa ukidhani ni aibu ya bibi. Aibu ni ya waliokuja na panga na ya aliyewatuma. Bibi yako aliuawa. Hakuna alichokifanya hata kihitaji kufichwa. Mwambie mumeo jioni watoto wakiwa wamelala, kabla hamjaanza kusoma ile sehemu ya kwanza, na umwambie wazi kwa nini ulificha: uliogopa ukweni watasema umetoka ukoo wa mchawi. Huenda akaumia kwamba hukumwamini. Mwache aumie, usimkatize, usianze kujitetea. Mbeya nako hakukosi vikongwe walionyooshewa kidole, na inawezekana kabisa naye ana jambo la kwao ambalo hajakusimulia. Halafu umwombe yeye, kama mzee wa kanisa, akae nawe siku ya kumwambia binti. Msichana akisikia mama yake akisimulia na baba yake ameshika mkono wa mama, atajua kwamba nyumba hii haina mtu anayeamini bibi yule alikuwa mchawi.

Kwa binti mwombe radhi fupi kwa lile "simjui". Alikuuliza swali zuri. Mwambie jina la bibi. Mwambie alivyokuwa: alipika nini, aliimba nini akipandikiza mpunga, aliwaitaje wajukuu. Ukianza na panga atabaki na panga.

Huyo mzee wa kwenye WhatsApp, usipambane naye sasa. Ukitoka kwenye kundi ghafla watauliza, na maswali yatamfikia mama yako. Zima mlio wa kundi, usimjibu salamu, na ungoje. Siku mama yako akitaka jambo hilo lisemwe kwenye ukoo, atasema yeye, na wewe utakuwa nyuma yake.

Mpigie mama Jumamosi hii asubuhi yako. Mwanza itakuwa jioni, kazi zimepungua. Muulize kwanza kama yuko peke yake. Usianze na shule wala kitabu. Mwambie mjukuu wake ameuliza habari za bibi na wewe umeshindwa kumjibu, kisha unyamaze, hata akikaa kimya muda mrefu. Akikubali, muulize ni kipi anaruhusu mtoto akijue na ni kipi kibaki kwenu wawili, na ufuate hivyo hivyo. Akikataa, usimsukume, insha ya binti itaishia Salem, kwa Rebecca Nurse na Tituba, na atakuwa na ya kutosha kuandika. Ila kwa mumeo usiahirishe. Yeye ni mwenzio, na la kumwambia ni lako.

Shangazi yako